Nati kwanza, bati baadaye: kufufua ukuta wa mbele wa Land Rover ya zamani

Ukienda kuangalia Land Rover ya zamani, muuzaji atapiga bodi kwa kiganja na kukwambia, "Hii alumini, haili kutu." Amesema nusu ya kweli. Gari hizi zilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgawo baada ya vita, kwa hiyo madigadi, milango na boneti vikafanywa vya aloi ya alumini. Desturi hiyo ikaendelea katika matoleo yote ya zamani, yaani Series I, II na III, mpaka Series III ya mwisho, mwaka 1985. Lakini chasisi ni chuma, na ukuta wa mbele, ule unaotenganisha injini na miguu ya dereva, nao ni chuma. Ukuta huo ndio unaobeba bawaba za milango, fremu ya kioo cha mbele, pedeli na usukani. Ukioza, gari zima linalegea hata kama alumini yote inang'aa.

Na ndani ya ukuta huo kuna nati ambazo huzijui mpaka siku zikugomee. Ni nati zilizofungiwa nyuma ya bati, mahali mkono wala spana haviingii, ili fundi afunge bolti kutoka upande mmoja tu. Mimi naziita nati za ndani. Nimeona ukuta mwingi uliozibwa vizuri, ukapigwa puti na rangi safi, halafu mlango hauna pa kushika kwa sababu fundi alitengeneza bati akasahau nati. Bati la pale ni nyumba tu, na mwenye nyumba ni nati. Mwongozo huu unafuata mpango huo.

Kabla ya cheche ya kwanza

Kwenye Series nyingi tanki la petroli liko chini ya kiti cha mbele. Kutoka pale unapochomelea sehemu ya miguu mpaka kwenye tanki ni urefu wa mkono. Litoe nje ya gereji kabisa. Kulifunika kwa gunia lenye maji hakutoshi, na tanki tupu ni hatari kuliko lililojaa kwa sababu limebaki na mvuke. Chomoa betri pande zote mbili, na waya za altaneta. Vua zulia, makapeti ya mpira na ile lami iliyopakwa chini ya gari, maana lami inashika moto taratibu upande usiouona. Weka ndoo ya maji na mtu wa kuangalia upande wa pili wa ukuta.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: usisafishe chuma kwa dawa ya kupuliza ya breki halafu ukachomelea. Baadhi ya dawa hizo zina klorini, na mwanga wa welding unaigeuza mvuke wake kuwa gesi ya sumu. Tumia thina ya kawaida, isubiri ikauke kabisa. Na bati lenye zinki lichomelee penye upepo. Moshi wake mweupe unakulaza na homa usiku kucha.

Kupima ukubwa wa ugonjwa

Kutu unayoiona ni robo ya iliyopo. Chukua nyundo ndogo, gonga ukuta kuanzia juu kwenye pembe za kioo cha mbele, shuka na nguzo za mlango mpaka chini zinapofungwa kwenye mikono ya chasisi. Bati zima linalia. Lililooza linajibu kwa sauti ya boksi. Penye mashaka, sukuma bisibisi. Ikipenya, hapo hapana bati. Kisha pitisha sumaku kwenye bati la chuma. Isiposhika, chini ya rangi kuna puti ya mtu aliyekutangulia, na mara nyingi nene kuliko bati lenyewe.

Tafuta pia maji yanakoingilia, la sivyo utarudi baada ya misimu miwili. Mpira kati ya fremu ya kioo na ukuta huchoka. Vile vifuniko vya hewa chini ya kioo huvuja. Maji yakishaingia hushuka ndani ya nguzo, yanakuta tundu la kutolea limezibwa na tope, yanakaa. Kwa gari zinazoishi Tanga, Mombasa au Unguja, ongeza chumvi ya hewa ya bahari. Chumvi hiyo ina kazi ya pili: penye chuma na alumini vinavyogusana, maji ya chumvi yanafanya kama asidi ya betri. Inayoliwa ni alumini, inageuka unga mweupe kama wa muhogo kuzunguka kila bolti.

Kufungua bolti bila kuvunja nati

Hapa ndipo kazi inapoharibika, na inaharibika ndani ya dakika mbili. Kijana anaikuta bolti ya bawaba imeganda, anachomeka bomba kwenye spana kuongeza urefu, anavuta. Linasikika "tak!" Ama bolti imekatika, ama kizimba cha nati ndani, kile kijumba cha bati kinachoishika nati isizunguke, kimevunjika.

Anza siku tatu kabla. Safisha kichwa cha bolti kwa brashi ya waya, pulizia mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni. Kama huna, changanya mafuta ya gia otomatiki na asetoni nusu kwa nusu; yanapenya vizuri, ila yatikise kila mara maana hayapendani, na yakaushe yote kabla hujawasha moto. Siku ya kufungua, jaribu kwanza kukaza kidogo, ndipo ulegeze. Ikisogea robo, rudisha, ongeza mafuta, nenda tena. Ukisikia bolti inakuwa nzito huku inatoka, usishindane nayo, rudi ndani.

Isipotii, pasha joto. Pasha kuzunguka kichwa mpaka rangi iungue, kisha gusisha mshumaa pale bolti inapoingia. Nta inayeyuka na kunyonywa ndani ya meno. Nimefungua kwa mshumaa wa kawaida bolti zilizokaa miaka arobaini.

Zingatia ukubwa wa spana. Series II na III zina bolti za inchi. Bolti ya robo inchi inataka spana ya 7/16, ya 5/16 inataka ya nusu inchi. Spana ya milimita 13 itaingia kwenye hii ya pili, lakini ina nafasi kidogo, na kwenye bolti iliyoganda nafasi hiyo ndogo inatosha kukata pembe zote sita.

Ikiwa bolti inazunguka na haitoki, nati imeachia kizimba chake, au kizimba kimeachia bati. Usiendelee kuzungusha. Ingiza bisibisi pana nyuma ya bawaba, vuta bawaba nje kama unayetaka kuing'oa, wakati huohuo fungua. Mvuto huo unaibana nati kwenye bati na mara nyingi inakubali. Ikikataa, toboa tundu la milimita 5 pembeni ya kichwa, palipo mbele ya kizimba, ukijaze kwa welding mpaka kizimba kishikane na bati. Njia ya mwisho ni kukata dirisha dogo ubavuni mwa nguzo na kuishika nati kwa vaisigripu, ile koleo inayojifunga yenyewe.

Kukata kichwa cha bolti kwa grenda ni njia ya haraka, na nimeifanya. Nati ikadondoka ndani ya nguzo. Mwenye gari alikaa nayo mwaka mzima ikigonga kwenye kila tuta, na kila tulipokutana alikuwa anaanza na salamu ya ile nati kabla ya salamu yangu.

Bolti ikikatika na kubaki kipande kinachochungulia, weka nati kubwa juu yake, jaza katikati kwa welding, subiri wekundu upotee, kisha fungua kwa spana. Joto linafanya nusu ya kazi. Kama imekatikia ndani, piga alama katikati kabisa kwa panchi, toboa kwa drili ya milimita 3, halafu panua polepole. Ukikosa katikati, umeshaingia kwenye meno ya nati.

Kukamata vipimo kabla ya kukata

Usikate hata sentimita moja mpaka uwe na kumbukumbu ya kila tundu lilipokuwa. Picha za simu zinasaidia, lakini picha haina milimita.

Mimi nafanya hivi. Nachukua flatiba, yaani chuma bapa, ya milimita 25 kwa 3, naitoboa mashimo yanayolingana na ya bawaba, naifunga kwa bolti zilezile kwenye nguzo, ya juu na ya chini. Halafu kutoka kwenye flatiba hiyo nachomelea mkono wa anglaini (chuma cha pembe) hadi sehemu nzima ya ukuta, pale juu ambapo hakuna kutu. Ukishakata nguzo yote ya chini, flatiba inabaki imening'inia hewani, mashimo yakiwa palepale yalipotoka kiwandani. Nati mpya unaifunga kwenye flatiba kwanza, ndipo unajenga bati kuifuata.

Funga pia anglaini kutoka nguzo ya kulia mpaka ya kushoto, na pima mishazari yote miwili ya nafasi ya mlango. Iandike kwa chaki kwenye dashibodi. Ukimaliza, lazima isomeke vilevile. Kama milango bado inafungika, ifunge na uchore pengo lake kabla ya kuivua.

Kukata

Tumia diski nyembamba ya milimita 1. Kata sentimita 2 au 3 ndani ya chuma kizima, kilichokuwa king'avu ukikwangua. Ukijaribu kuokoa bati kwa kukata kwenye ukingo wa kutu, moto wa welding utatoboa mashimo na utakuwa unayafukuza mpaka jioni. Pembe zote zikate kwa mviringo, maana pembe kali ndiyo inayopasuka gari likipita kwenye barabara mbaya.

Palipounganishwa kiwandani kwa nukta za welding, toboa kila nukta kwa drili ya milimita 8, bati la juu tu, kisha tenganisha kwa tindo nyembamba. Kipande kilichotoka usikitupe. Ndicho kielelezo chako.

Kutengeneza nati yenyewe

Swali la kwanza ni meno gani. Kwa mtazamo, bolti ya milimita 8 na ya 5/16 ni mapacha. Lakini ile ya 5/16 ina meno 24 kwa inchi, na ya milimita 8 ya kawaida ina kama 20. Itaingia raundi mbili tatu kwa mkono, ikaze, fundi aongeze nguvu, na nati ya kiwandani iwe imekufa. Ninachoamini: kama unaweza kupata bolti za inchi, baki nazo. Kama mjini kwako hazipatikani, badilisha safu nzima, usichanganye, na uandike kwa rangi ndani ya mlango "8 mm" ili fundi ajaye asiumie.

Kuna namna tatu za kuijenga, na kila moja ina mahali pake.

*Nati ya kuchomelea moja kwa moja.* Inafaa kwa sakafu na kwa kifuniko cha giaboksi, ambako bolti ni ya robo inchi na mzigo ni mdogo. Nunua nati nyeusi isiyo na zinki. Ukipata ya zinki tu, ilaze kwenye siki usiku mmoja, isuuze, ikaushe. Ishikize mahali pake kwa bolti kuukuu, ili cheche zisiingie kwenye meno. Choma nukta tatu tu, kwenye bapa tatu zinazopishana. Ukiizungushia welding pande zote, joto linaipinda na bolti haitaingia tena. Ikipoa, toa bolti, pitisha tapu, kile kifaa cha kukatia meno ya nati.

*Bamba la nati.* Penye mzigo mkubwa, nati inahitaji mgongo mpana. Kata flatiba ya milimita 3, urefu wa vidole vinne. Wengine wanatoboa na kukata meno humohumo kwenye bamba. Hesabu: milimita 3 kwa meno ya 5/16 ni raundi pungufu ya tatu. Haitoshi kubeba mlango. Kanuni ya mafundi wa chuma ni kwamba meno yashikane kwa urefu unaokaribia unene wa bolti, yaani milimita 8 hapa. Kwa hiyo toboa bamba, chomelea nati kamili nyuma yake.

*Nati ya kizimba.* Hii ndiyo ya bawaba, na ndiyo inayodharauliwa. Kizimba kinaishika nati isizunguke, lakini kinaiachia nafasi ya kuhama milimita 2 kila upande. Nafasi hiyo ndiyo inayokuwezesha kupandisha mlango, kuushusha, kuusogeza mbele. Mimi mara ya kwanza niliziona nati zile zinachezacheza nikadhani zimechoka, nikazichomelea zikatulia tuli. Mlango ukawa unafungwa kwa goti.

Kukitengeneza si kazi kubwa. Chukua bamba lako lenye nati nyuma. Kata ukanda wa bati la milimita 1, upana wa sentimita 3. Ukunje kwenye vaisi uwe kama kofia yenye masikio mawili: mgongo unapita nyuma ya nati, masikio yanalala kwenye bati la nguzo. Kabla ya kukunja, weka kipande cha bati la milimita 2 kila upande wa bamba ili nafasi ipatikane yenyewe, kisha kitoe. Toboa mgongo wa kofia ili ncha ya bolti ipite. Tundu la nguzo nalo lifanye kubwa kuliko bolti kwa milimita 4. Chomelea masikio, tikisa: bamba licheze kama jino la mtoto, lakini lisiweze kugeuka.

Zile nati za ribiti zinazofungwa kwa mashine ya mkono nazitumia kwa mabano ya waya na taa tu. Kwenye bawaba au mkanda wa kiti, hapana. Siku moja itazunguka, na itazunguka ukiwa umeiamini.

Bati

Tumia bati la geji 18, yaani milimita 1.2. Chora kwanza kwenye boksi la katoni, lijaribu, lirekebishe kwa mkasi, ndipo uhamishie kwenye chuma. Katoni ni bure.

Mashine ya MIG, ile ya welding inayojilisha waya yenyewe, yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8 ndiyo sahihi. Ile mashine ya fimbo ya mtaani, yenye fimbo ya milimita 2.5, itakutobolea bati hili. Itumie kwa bamba za nati tu, au iache. Kuchomelea kwa gesi kunawezekana, ila kunasambaza joto na bati linakunjamana.

Acha pengo la unene wa bati kati ya kipya na cha zamani. Piga nukta, ruka mbali, piga nyingine, rudi. Kati ya nukta na nukta sentimita 3, kisha jaza katikati zao. Kiganja kikishindwa kutulia juu ya bati, pumzika. Kila baada ya nukta kadhaa, funga bolti kwenye flatiba ya vipimo kwa vidole. Ikianza kukataa, bati limevutwa. Gonga sasa, usingoje.

Palipo na bati juu ya bati, paka praima ya zinki inayostahimili welding kabla ya kuyakutanisha, kwa sababu hutafika hapo tena. Na usithubutu kubandika bati jipya juu ya lililooza kwa ribiti. Unakuwa umejenga mfuko wa kutunzia maji.

Kuziba na kurudisha

Kwangua mabaki ya kutu, paka dawa ya asidi ya fosfori, isuuze kama maelekezo yanavyosema, kausha. Praima ya epoksi ije kabla ya puti, maana puti inanyonya unyevu na ikikaa juu ya chuma kitupu inauhifadhi. Viungo vyote viwekee silikoni ya bodi, ile isiyo na harufu ya siki. Yenye harufu hiyo inatoa asidi.

Ndani ya nguzo, pulizia nta ya mashimo. Oili chafu ya injini ndiyo dawa ya wengi huku kwetu, nami nimeikuta imeokoa chasisi kadhaa, lakini ina asidi na inalainisha mpira. Nta ukiikosa, yeyusha mishumaa ndani ya mafuta mapya ya gia kwenye sufuria iliyokaa ndani ya maji ya moto, mbali na moto wa wazi, na uimimine ikiwa vuguvugu. Kabla ya hapo ziba mashimo ya nati kwa bolti kuukuu.

Kati ya alumini na chuma weka ukanda wa mpira au silikoni. Meno ya bolti yapake grisi. Anzisha bolti zote kwa vidole kabla ya kukaza hata moja. Mashine ya upepo ya kukazia bolti ikae kabatini. Ning'iniza mlango bolti zikiwa legevu, inua kwa kabari ya mbao mpaka pengo lifuate ile chaki, ndipo ukaze, ya juu kwanza.

Baada ya wiki mbili za barabara ya vumbi, rudia kukaza bawaba. Mvua ya kwanza ikinyesha, inua kapeti, pitisha kidole kwenye pembe ya sakafu, kisha chungulia chini ya nguzo: maji yadondoke kutoka kwenye lile tundu. Yasipodondoka, chukua waya ulizibue.